Seta wa Kiingereza: damu ya Laverack au ya Llewellin?

Kwa usafi wa nasaba ya mbwa huyu wa kuwindia ndege, ukoo wa Laverack unaongoza. Edward Laverack alianza mwaka 1825 na mbwa wawili, Ponto na Old Moll, akawazalisha wenyewe kwa wenyewe miaka nenda rudi. Ukoo safi, ila damu finyu, na hilo mimi hunitia shaka. Mfugaji mwingine, Llewellin, aliuchukua uzao wa Laverack akauchanganya na damu ya seta wengine, Duke na Rhoebe. Uzao wake ukatamba kwenye mashindano ya uwindaji Marekani.

Matunzo? Laverack ana manyoya marefu miguuni na mkiani. Yakinasa mbegu za porini, utachana hadi usiku. Llewellin huwa mwepesi, lakini asipokimbizwa hatulii. Unawinda kware kila wiki? Huyo anakufaa. Unataka wa nyumbani na maonyesho? Laverack, ukishakagua karatasi za ukoo.