Kadi ya grafiki ya daraja la juu kwa kompyuta ya mezani: ipi ianze, ipi iachwe

Wanunuzi wengi wa Dar es Salaam huulizia kwanza kasi ya kadi, ilhali kitakachowasumbua baadaye ni umeme na joto la chumba. Mpangilio huu umezingatia hayo.

Ninaanza na GeForce RTX 5070 Ti, yenye kumbukumbu ya GB 16 na matumizi ya wati 300, ambayo ilipotoka mwaka 2025 ilitangazwa kwa dola 749, kabla ya usafiri na VAT ya asilimia 18. Inamudu magemu mengi ya 4K, na kwa kuwa ina CUDA (teknolojia ya Nvidia, mtengenezaji wa kadi za RTX, inayotumiwa na programu nyingi za kazi), mhariri wa video au mtumiaji wa Blender, programu ya michoro ya 3D, hahitaji kadi nyingine.

Ya pili ni Radeon RX 9070 XT ya AMD: GB 16, wati 304, na mwaka 2025 ilitangazwa kwa dola 599. Kwa mcheza magemu asiyeitumia kadi kwa kazi nyingine, ningeiweka ya kwanza.

RTX 5090 ndiyo yenye kasi kuliko zote, hilo halina ubishi, lakini nimeiweka ya tatu. Ina GB 32, inakula wati 575, na bei yake ilianzia dola 1,999. Ikifanya kazi nzito saa nne, hutafuna yuniti 2.3 za LUKU peke yake, hapo bado kiyoyozi, maana umeme huo wote hugeuka joto chumbani, na joto la Februari mnalijua. Inahitaji pia pawa saplai ya wati 1,000, na UPS (betri ya akiba) ndogo ya ofisini haiwezi kuibeba. Inamfaa anayeendesha modeli kubwa za akili mnemba, ambaye GB 16 hazimtoshi.

RTX 5080 naiacha mwisho: ilitangazwa mwaka 2025 kwa dola 999 kwa GB zilezile 16, na kasi inayoongezeka hailingani na fedha inayoongezeka.

Ukikutana Kariakoo na RTX 4090 iliyotumika, GB zake 24 zinavutia, ila kadi za aina hiyo zimewahi kuripotiwa kuyeyuka plagi ya umeme. Mwombe muuzaji aichomoe waya, kisha umulike tundu la pini 16 kwa tochi ya simu. Plastiki ikiwa imebadilika kuwa ya kahawia, au pini moja imezama kuliko wenzake, irudishe mezani, hata akikupunguzia bei.