Trekta la gia au la haidrostatiki? Tazama hii kabla hujalipa

Habari zenu ndugu watazamaji, na shikamooni wazee wetu mnaotufuatilia. Leo tuko Usa River, kandokando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi, na nyuma yangu kuna matrekta mawili. Hili jekundu ni Massey Ferguson 375, trekta la gia, mnalijua wote. Hili dogo la rangi ya chungwa ni Kubota la haidrostatiki, yaani linaendeshwa kwa presha ya mafuta badala ya gia. Wenyewe wametuazima kwa siku ya leo, tunawashukuru sana.

Video hii nimeifanya kwa ajili ya mtu ambaye yuko karibu kulipa. Ameuza ng'ombe, amekopa SACCOS, amechangishana na ndugu zake. Anafika kwa muuzaji, anapandishwa kitini, anakanyaga pedeli, trekta linaondoka laini kabisa, hakuna klachi, hakuna gia kulalamika. Anasema hili ndilo. Kisha masika yakikaribia anapelekwa kulima mbuga kule Kahe, udongo mweusi wa mfinyanzi, na trekta linashindwa na plau. Hela imeshatoka. Hilo linaniuma, kwa hiyo msimamo wangu nautoa mapema: angalia ni kazi gani trekta lako litaifanya saa nyingi zaidi kwa mwaka. Kama ni kulima kwa plau, chukua la gia. Kama ni kazi ya kwenda mbele na kurudi nyuma siku nzima, haidrostatiki itakulipa. Raha uliyoipata yadi usiiweke kwenye hesabu.

Sasa tuone tofauti yenyewe. Kwenye trekta la gia, nguvu ya injini inapita kwenye klachi, inaingia giaboksi, inakwenda kwenye difu mpaka kwenye magurudumu. Ni chuma kinasukuma chuma. Massey hili lina gia nane za mbele na mbili za nyuma: gia nne, halafu leva ya kuchagua upande wa chini au wa juu. Ukishachagua gia, mwendo wako umefungwa na mizunguko ya injini.

Kwenye haidrostatiki, injini inazungusha pampu, pampu inasukuma mafuta kwa presha kubwa, mafuta yanazungusha mota, na mota ndiyo inayoendesha magurudumu. Ndani ya pampu kuna sahani inayoinama. Pedeli unayoikanyaga inabadilisha mwinamo wa sahani hiyo. Ikiinama kidogo, mafuta machache yanapita, trekta linatambaa. Ikiinama sana, linakimbia. Ikiinama upande wa pili, linarudi nyuma. Njoo karibu na kamera, kaka, waione pedeli. Nikikandamiza kwa vidole, mbele. Kwa kisigino, nyuma. Nikiachia, linasimama. Basi, hakuna kingine. Makampuni mengine huweka pedeli mbili, kazi ni ile ile.

Mafuta yakishapita kwenye pampu na mota, sehemu ya nguvu inapotea, inageuka joto. Mfumo wa gia hupoteza takriban asilimia 10 njiani. Haidrostatiki inaweza kupoteza asilimia 20 hadi 30. Ukitaka kuona kwenye karatasi, fungua kitabu cha Kubota L2501, ambayo imetengenezwa kwa aina zote mbili. Injini ni ile ile. Ya gia inatoa hosipawa 20.5 kwenye PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine, ya haidrostatiki inatoa 19. Na hiyo ni kwenye PTO tu, kwenye kuvuta pengo ni kubwa zaidi.

Kuna jambo wauzaji hawalisemi, na kwetu huku ni muhimu. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Injini ya dizeli isiyo na tabo, ile turbo ya kusukumia hewa kwenye injini, hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, maana hewa ni nyepesi. Kwa hiyo hosipawa zilizoandikwa kwenye boneti, wewe wa Arusha au Karatu huzipati zote hata kabla hujafika kwenye giaboksi. Wa Moshi mjini na kushuka Kahe wana nafuu. Ukitoa nguvu inayopotea kwa mwinuko, ukatoa na inayopotea kwenye mafuta ya haidrostatiki, trekta dogo linabaki na nguvu kidogo mno ya kuvuta jembe la diski ardhini.

Na wala hili si geni. Mwaka 1967 kampuni ya International Harvester ya Marekani ilitoa trekta la shamba la haidrostatiki, modeli 656. Lilisifiwa sana kwa kazi za PTO na likalalamikiwa kwa nguvu linayopoteza kwenye kulima. Mpaka leo haidrostatiki imebaki zaidi kwenye matrekta madogo, na kwenye kombaini. Kombaini nyingi za kisasa, zikiwemo za kuvuna ngano kama ile ya West Kilimanjaro, zinatembea kwa haidrostatiki, na sababu yake ndiyo itakayokusaidia kuamua. Mashine ya kupura inataka mizunguko ileile muda wote, lakini mwendo wa kusonga mbele lazima ubadilike: ngano ikiwa nzito unapunguza, ikiwa nyepesi unaongeza. Haidrostatiki inatenganisha vitu hivyo viwili.

Sasa ihamishie kwenye shamba lako. Una kahawa au parachichi, unapitisha roteveta ya kuchimbua udongo au mashine ya kufyeka katikati ya mistari. PTO inataka mizunguko 540 kwa dakika. Kwenye haidrostatiki unaweka mkono wa mafuta ya injini mahali pake, PTO inazunguka 540, na mwendo unaupima kwa mguu. Umekuta majani mazito, unaachia pedeli kidogo, mashine inakata vilevile. Umefika kwenye shina, unasimama palepale, unarudi hatua moja, unapinda. Kwenye la gia, majani yakizidi huwezi kupunguza mafuta ya injini, maana PTO nayo itapungua na majani yatajikunja badala ya kukatika. Itabidi ukanyage klachi, ushuke gia, uanze upya. Massey nyingi za aina hii zina klachi ya hatua mbili: ukikanyaga nusu trekta linasimama na PTO inaendelea, ukikanyaga mpaka chini vyote vinasimama. Dereva mzoefu anaicheza vizuri. Kijana mgeni atakuunguzia klachi, na klachi ya trekta haibadilishwi mpaka trekta litenganishwe katikati.

Kwenye loda, ile ndoo ya mbele ya kuzolea, ndiyo kabisa. Mwenye ng'ombe wa maziwa kule Hai anayezoa samadi na kupakia kwenye tela, au shamba la maua hapa Usa linalohamisha mboji kwenye njia nyembamba za banda, kwa saa moja anakwenda mbele na kurudi nyuma mara nyingi mno. Kila mara ni klachi na gia. Mguu wa kushoto unachoka, klachi inachoka. Haidrostatiki hapa haina mpinzani, na kama hiyo ndiyo kazi yako, nakushauri ulipe ile hela ya ziada bila kusita.

Naomba nikae kidogo hapa kwenye pedeli, maana hapa ndipo madereva wetu wanaua haya matrekta. Tazameni. Naingiza ndoo kwenye lundo la samadi. Inagoma. Mtu aliyezoea gari atafanya nini? Atakandamiza zaidi. Sikilizeni hiyo injini, inazama, inataka kuzima. Sasa naachia pedeli, iwe nusu ya pale ilipokuwa. Mmeona? Linasukuma, ndoo inaingia. Kukandamiza pedeli ni kupandisha gia. Kuachia ni kushusha gia. Ukitaka nguvu, inua mguu. Na kama unasikia mlio mwembamba wa kupiga kelele na gurudumu halizunguki, hiyo ni vali ya usalama imefunguka, mafuta yanazunguka bure na yanachemka. Toa mguu mara moja, weka leva ya kuchagua mwendo upande wa mdogo, anza tena. Dereva asiyefundishwa hili ataichosha pampu mapema, halafu watu watasema haidrostatiki ni mbovu. Mfundisheni dereva, jamani, hata kama ana leseni ya miaka yote.

Milimani. Wa Machame, Marangu na Ngaramtoni mnanielewa. Haidrostatiki ukiachia pedeli inajizuia yenyewe, na kushuka nayo ukiwa upande wa mwendo mdogo ni kwa utulivu sana. Lakini uzuiaji huo unatoka kwenye mafuta na injini inayozunguka. Ukizima injini kwenye mteremko, mafuta yanavuja polepole ndani ya pampu na trekta linaanza kutambaa lenyewe. Breki ya mkono ni lazima, na jiwe nyuma ya gurudumu. Na usiguse leva ya mwendo mdogo na mkubwa ukiwa unashuka. Ikikaa katikati, huna kizuizi chochote zaidi ya breki ya mguu. La gia nalo lina sheria ileile: chagua gia ndogo ukiwa bado juu, usikanyage klachi katikati ya mteremko ukiwa na tela la mahindi nyuma. Tela likianza kukusukuma, trekta dogo halina uzito wa kulizuia, liwe la gia au lisiwe.

Betri ikifa, la gia vijana watalisukuma, au utaliachia kwenye mteremko, utatia gia, litawaka. La haidrostatiki halisukumwi likawaka. Na kulivuta kwa kamba mpaka gereji kunaweza kuharibu pampu. Soma kitabu chake kwanza, mengine yana vali ya kufungua kabla ya kuvuta. Ukiwa Oljoro ndani ndani huko, hilo si jambo dogo.

Tuje kwa fundi. Giaboksi ya Massey fundi wa Moshi au wa Arusha anaifungua chini ya mwembe, na spea zake ziko madukani, orijino na za kuiga. Pampu ya haidrostatiki haifunguliwi chini ya mwembe. Vyuma vyake vinapishana kwa nafasi ndogo kuliko unywele, punje ya mchanga ikiingia inachora, na kikichorwa presha imeondoka. Mara nyingi haitengenezwi, inabadilishwa nzima. Kwa hiyo kabla hujalipa, muulize muuzaji: pampu hiyo ipo nchini, au inaagizwa? Wiki ngapi? Aandike kwenye karatasi. Akizungukazunguka, umeshajibiwa. Na uliza kama aina hiyo ya trekta imepimwa na CAMARTEC. Wako hapahapa Arusha, ni taasisi ya serikali ya zana za kilimo, nenda kaulize mwenyewe.

Matunzo yake si magumu, yanataka usafi tu. Matrekta mengi haya filta ya kwanza inabadilishwa ikifika saa 50 za kazi, baada ya hapo unafuata kitabu. Usiweke mafuta ya aina yoyote uliyoyakuta, weka yaliyotajwa. Futa kifuniko kabla ya kukifungua, kwa vumbi letu la Januari hili ni la lazima. Safisha wavu wa rejeta kila siku ya kufyeka, maana mbegu za majani zinaziba, mafuta yanapata moto, yanakuwa mepesi, nguvu inapungua. Ukiona mafuta yamekuwa meupe, maji yameingia. Simamisha.

Wapo mtakaouliza kama hakuna njia ya katikati. Ipo. Kuna matrekta ya gia yenye leva ya mbele na nyuma pembeni ya usukani. Unachagua gia mara moja, kisha leva hiyo ndiyo inayogeuza mwelekeo. Mengine unakanyaga klachi kidogo, mengine hata klachi hukanyagi. Kwa mtu wa ekari chache anayelima mwenyewe, ana ng'ombe, na msimu ukifika anakodisha kwa jirani, mimi ningelitafuta hilo kabla ya kufikiria haidrostatiki. Linavuta plau kama trekta la gia, maana ni la gia.

Kwa anayenunua lililotumika, hasa vitrekta vinavyotoka Japani, tahadhari hii hapa. Vimeandikwa Kijapani, na vingine ni vya gia, vingine haidrostatiki, usinunue kwa picha. La haidrostatiki usilijaribu likiwa la baridi. Baridi, hata pampu iliyochoka inavuta. Lifanyishe kazi nusu saa, loda au roteveta, mpaka mafuta yapate moto, kisha panda nalo kilima kwa mwendo mdogo. Likianza kulegea kulinganisha na lilivyokuwa mwanzo, pampu imekwisha. La gia, lipeleke mteremkoni na mzigo, tia kila gia, uone kama kuna inayochomoka. Muuzaji akikukatalia hilo jaribio, achana nalo.

Wale wa kulima kwa kukodisha Mabogini, Chekereni, Mbuguni, sioni sababu ya kuwasumbua: chukueni la gia, muangalie uzito wa trekta na matairi. Mwenye hali tofauti aniandikie hapo chini ukubwa wa shamba, aina ya udongo, kama kuna mlima, na nani ataliendesha. Bila hayo manne siwezi kukushauri vizuri. Sasa twende tukawarudishie wenyewe matrekta yao kabla mvua haijaanza.