Kikuza maandishi cha mbao na plastiki: miezi minne mezani kwangu Mbeya

Kwa mtu mwenye uoni hafifu anayeishi kwa kuchapa barua, mitihani na mihtasari ya vikao, kama niishivyo mimi hapa Soweto jijini Mbeya, ukubwa wa herufi kwenye skrini ndio unaoamua kama kazi itakwisha alasiri au usiku. Miwani niliyoandikiwa na mtaalamu wa macho ninaivaa na inanisaidia, lakini ifikapo saa sita mchana macho huwa yamechoka, na skrini kubwa zaidi bado haijafikiwa na mfuko wangu. Ndiyo sababu nilitengeneza kikuza cha kusimamisha mbele ya monita yangu ya inchi 19, kwa jumla ya shilingi 21,000: lenzi shilingi 9,000, mbao na ufundi shilingi 12,000.

Lenzi yenyewe ni karatasi ya plastiki angavu yenye ukubwa wa A4, aina inayouzwa kwa ajili ya kusomea vitabu. Ukiipapasa upande mmoja utahisi mifuo myembamba ya duara, mmoja ndani ya mwingine. Kila mfuo hupinda mwanga kama ambavyo sehemu hiyo ya lenzi nene ingeupinda, huku unene usio na kazi ukiwa umeondolewa. Ni ubunifu wa Mfaransa Augustin-Jean Fresnel, ambaye lenzi yake iliwekwa katika mnara wa taa wa Cordouan mwaka 1823, na ndio unaowezesha lenzi pana kiasi hiki kuwa nyepesi kuliko daftari. Unaponunua, ichunguze kwenye mwanga kabla ya kulipa. Ya kwanza niliyouziwa ilikuwa na mkwaruzo katikati, na mkwaruzo huo ulinifuata katika kila mstari niliousoma hadi nikanunua nyingine.

Kabla ya kwenda kwa fundi ni lazima ujue urefu wa fokasi wa lenzi yako, yaani umbali ambao lenzi huchora picha safi ya kitu kilicho mbali, na kuupima ni rahisi. Nilisimama ndani ya chumba mkabala na dirisha, nikaisogeza lenzi mbele ya ukuta mweupe hadi Mlima Loleza ulipojichora ukutani, mdogo na kichwa chini, ukiwa na kingo safi. Umbali kati ya lenzi na ukuta ulikuwa sentimita 30. Maana yake ni kwamba lenzi hii inapaswa kukaa karibu na skrini kuliko sentimita 30, kwa kuwa ukiisogeza hadi umbali huo au kuupita, maandishi huanza kupoteza umbo.

Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Nilimwomba fundi seremala wa karibu na soko la Mwanjelwa anigongee fremu isiyosogea, yenye sentimita 10 kutoka kwenye skrini. Aliniangalia akasema, “Mama, tukishaigongelea hivi, siku ukitaka kuisogeza itabidi tuivunje.” Sikumsikiliza, na baada ya wiki moja nilirudi kwake, kwa sababu katika umbali ule herufi zilikua kidogo tu, takriban mara moja na nusu pungufu kidogo. Fremu ya pili, ya mbao za paini, aliiweka juu ya reli mbili kama za droo, nami sasa huisogeza kati ya sentimita 10 na 20. Nikikaa sentimita 60 kutoka kwenye skrini na lenzi ikiwa kwenye sentimita 20, herufi yenye urefu wa milimita 3 huonekana kama yenye milimita 5 na zaidi, na bado naona takriban theluthi mbili za upana wa skrini. Kama kuna jambo moja la kusisitiza katika kifaa hiki, ni hizo reli.

Fremu iwe na mfuo pande zote nne ili plastiki iketi humo bila gundi, kwa sababu ikilegea hujipinda na mistari ya maandishi huyumba kama iliyo chini ya maji. Ndani tuliipaka rangi nyeusi, na juu nikaongeza kipande cha manila nyeusi cha kuzuia mng'ao wa dirisha. Bila kipande hicho, saa za alasiri nilikuwa nauona uso wangu kuliko kazi yangu.

Kasoro zipo. Pembeni huonekana rangi za upinde wa mvua, na penye weupe mwingi hutokea mawimbi hafifu, kwani mifuo ya lenzi hukutana na vitone vya skrini. Kichwa ni lazima kikae katikati, hivyo mteja aliyeketi kando yangu kuhakiki jina lake hawezi kusoma chochote kilichonyooka, nami hulazimika kuisogeza lenzi pembeni. Kwa picha na usanifu wa kadi siitumii kabisa.

Programu ya kukuza iliyomo ndani ya Windows, inayofunguka kwa kubonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na alama ya kujumlisha, ni ya bure na hukuza zaidi kuliko lenzi yoyote ya namna hii. Anayehitaji herufi mara nne au tano aanze na hiyo. Hata hivyo hukata ukurasa vipandevipande, na kwenye jedwali la alama za wanafunzi nilikuwa napoteza safu kila mara. Kwa majedwali, kikuza changu cha mbao kimeshinda.

Kukisafisha natumia kitambaa laini na maji yenye sabuni kidogo, nikifuata mifuo ili vumbi lisikwame. Na kila jioni nakifunika kwa kanga nzito, kwa sababu dirisha langu hupokea jua la asubuhi, na lenzi pana kama hii ikikusanya jua juu ya karatasi inaweza kuziwasha moto kabla sijafika kazini.