Pumzi ya mvulana na ya msichana: nani anadumu uwanjani?

Kocha wa UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, na mwenzake wa UMISSETA, michezo ya sekondari, hapa Dodoma hawaoni kitu kimoja.

Wa kwanza ana watoto wa miaka 10. Wanakimbia mita 20, kwenda na kurudi kwa kufuata mlio, kuanzia kilomita 8.5 kwa saa, kasi ikipanda kila dakika. Hapo tofauti ya pumzi ni ndogo, na binti mwepesi huwaacha wavulana kibao.

Sekondari mambo hugeuka. Kubalehe humletea mvulana homoni ya testosteroni, naye huongezeka misuli, moyo na himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa hiyo damu yake hubeba oksijeni nyingi zaidi. Msichana huongezeka mafuta mwilini, mzigo usiosukuma mguu, na hedhi humpunguzia madini ya chuma.

Hili la chuma ndilo linalopuuzwa mno. Binti akianza kuhema mapema kwenye vumbi letu, anaitwa mvivu, kumbe damu imepungua. Kuanzia miaka 15, upungufu wa damu huhesabiwa himoglobini ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita kwa msichana, 13 kwa mvulana. Apimwe kwanza. Ugali na mlenda peke yake havitoshi. Aongezewe maharage na dagaa, na chai isubiri, maana hupunguza ufyonzwaji wa chuma.

Kwa kuchagua kikosi, ningeweka orodha mbili, kila mmoja apimwe dhidi ya wa jinsia yake na dhidi ya matokeo yake ya muhula uliopita. Mazoezi yenyewe? Wafanye pamoja tu.