Kiwi ipi ya viatu vya gwaride? Nilivyozipanga, kuanzia ya kununua hadi ya kuacha dukani

Binti ya dada yangu ni kadeti wa St John shuleni kwao, na gwaride likikaribia simu yake haikosi: "Mjomba, ninunue kiwi gani?" Ana haki ya kuuliza. Nairobi hii kila kinachopakwa kiatu ni kiwi, hata kopo liwe na jina jingine kabisa. Jina lenyewe lilianzia Melbourne mwaka 1906, William Ramsay alipoipa polishi yake jina la ndege wa New Zealand, nchi ya mkewe. Leo ukimwambia mwenye kibanda "nipe kiwi nyeusi", anaweza kukuwekea mbele kopo la nta, chupa ya polishi ya maji au sponji. Ni kimoja tu kati ya hivyo kitakachokupa kiatu cha kujitazamia meno.

Kigezo changu ni kimoja: je, inakubali kupakwa tabaka juu ya tabaka bila kubanduka? Ngozi ina vinyweleo, na ule mng'aro wa gwaride ni nta iliyovijaza mpaka juu pakawa laini, mwanga ukarudi bila kutawanyika. Hakuna kopo linalofanya kazi hiyo kwa mpako mmoja.

Namba moja kwangu ni kopo la kawaida la nta nyeusi, lile la kila duka. Ndani mna nta na mafuta mepesi ya jamii ya tapentaini. Mafuta yanaruka, nta inabaki. Nunua kopo dogo, kwa sababu kubwa litakauka kabla hujalifikisha nusu. Tena lifungue hapo hapo kaunta, usione haya. Nta nzima imelala sawa na kushika kingo za kopo. Iliyokaa sana imesinyaa na kupasuka vipande, ukilitikisa inagonga. Kama ya nyumbani imefikia hapo, iweke juani kidogo itulie. Usiipeleke karibu na jiko. Wapo wanaoiwasha kwa kiberiti ili ilainike, nami nasema mafuta yale yanashika moto haraka kuliko mkono wako utakavyokimbia.

Nafasi ya pili nimeipa nta ngumu iliyotengenezwa kwa gwaride, mfano Kiwi Parade Gloss. Najua wengi wataniuliza mbona si ya kwanza. Hii ni paa, na paa halijengwi kabla ya ukuta. Nta za namna hii hupata ugumu wake kutoka kwa kanauba, nta ya majani ya mtende wa Brazil, ambayo huyeyuka ikipita nyuzi 80 za Selsiasi, ilhali ya nyuki huyeyuka kwenye 63 hivi. Ugumu huo ndio unaoleta kioo, na ndio huo huo unaoifanya ivunjike ukiipaka mahali kiatu kinapokunjika. Halafu hapa kwetu mara nyingi ni ya kuagiza, na usimsumbue shangazi aliye London: Kiwi ilitangaza mwaka 2023 kwamba inaondoka soko la Uingereza. Ukiipata, tabaka mbili tatu za mwisho zinatosha.

Krimu inakuja ya tatu. Haing'arishi sana, ila kama kiatu umekitoa soko la mitumba la Gikomba na ngozi imekauka kama mkate wa juzi, ipake mara moja, kilaze usiku mzima, ndipo uanze nta.

Sponji ya kufuta na kwenda ni ya siku za darasani. Nyingi zina silikoni, na nta ikikuta silikoni inateleza tu. Ukishaizoea itakubidi uiondoe silikoni hiyo kabla ya kujenga chochote juu ya kiatu.

Ya mwisho, na ningeipa nafasi ya kumi kama ingekuwepo, ni polishi ya maji ya chupa. Mwaka juzi nilikubali kumnunulia kwa sababu gwaride lilikuwa kesho yake asubuhi. Usiku viatu vilimeremeta kama chungu kipya. Asubuhi alipopiga hatua chache uani, tabaka lile likakatika juu ya mkunjo, mistari midogo kama tope la Athi River likikauka. "Mjomba, kiatu kimepasuka!" Kiatu kilikuwa kizima, kilichopasuka ni ganda la plastiki nililolinunua mwenyewe. Kulibandua kulichukua jioni mbili.

Vipi kuhusu mafundi wa Moi Avenue, wale wenye viti virefu? Kwa kiatu cha ofisini siwaachi. Lakini kioo cha gwaride kinataka saa nyingi, na fundi ana foleni.

Pesa inayobaki usiimalizie kwenye kopo la pili. Nunua brashi ya nywele za farasi, maana ya plastiki ngumu inachora, na rola ya pamba ya duka la dawa. Fulana kuukuu ya pamba inafaa pia, isiwe na mshono.

Kazi yenyewe iko hivi. Futa vumbi, paka nta kiatu kizima, kiache kikauke, piga brashi. Rudia mara mbili. Sasa funga kitambaa kwenye kidole cha shahada mpaka kisiwe na mkunjo hata mmoja, gusa nta kidogo tu, kisha chovya tone la maji baridi. Zungusha duara ndogo kama shilingi. Mwanzo utaona ukungu, na utadhani umeharibu. Endelea bila kukandamiza. Ukungu unaondoka, chini yake panaanza kuonekana taa ya dari. Ongeza nta, ongeza tone. Kidole kikikwama, maji yamepungua. Maji yakikusanyika shanga shanga na kukataa kusambaa, mambo ni mazuri. Fanya hivyo sehemu ngumu ya mbele na ya kisigino peke yake. Kwenye mkunjo brashi inatosha.

Julai baridi ikishika, nta inakuwa ngumu koponi. Ipulizie pumzi, hiyo tu.

Na viatu visivaliwe nyumbani. Panda matatu na ndara, viatu viwe begani, kila kimoja ndani ya soksi yake. Safari iliyopita binti yetu alijiona mkubwa akatoka navyo miguuni, na kabla ya Ngara makanga alikuwa ameshamkanyaga cha kulia. Hakunipigia simu. Alishuka, akaketi kwenye ukingo wa maua, akatoa kopo dogo na pamba, akafungua chupa yake ya maji ya kunywa. Picha aliyonitumia baadaye ni ya kiatu hicho: ndani ya ncha yake naona nguzo ya taa, na kichwa chake mwenyewe kimeinama.