Kingamwili ya G6PD: mali nzuri, ajenti mtihani

Naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe. Kichupa cha mikrolita 100 cha kingamwili monoklonali (ya aina moja tu) ya panya, ya kugundua G6PD ya binadamu, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, kimetufikia Unguja kwa boti kutoka Dar. Boksi limelowa, barafu imeshakuwa maji ya uvuguvugu. Kwa hilo nisingepiga kelele, kingamwili nyingi huvumilia joto la siku moja. Lililonichoma ni chengachenga nyeupe chini ya kichupa. Mali hii iliganda ikayeyuka huko njiani, na haikutiwa gliserini. Ingetiwa asilimia 50, isingeganda hata kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri.

Tukaijaribu kwa western blot, yaani protini hutenganishwa kwa uzito, huhamishiwa kwenye utando, kisha kingamwili huitafuta ile yake na kuacha mstari. Mstari wa G6PD haukuonekana. Nampigia ajenti, ananijibu: "Dada, angalieni maji yenu huko visiwani." Maji! Utando ule ule, bufa (maji ya kemikali ya kipimo) ile ile, kingamwili ya aktini, protini iliyopo karibu kila seli, imetoa mstari mweusi tii kwenye kilodaltoni 42 (kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa protini). Nayo pia ni ya panya, kwa hiyo kingamwili ya pili (inayoshika ile ya kwanza, nayo imebeba kimeng'enya peroksidesi) na dawa ya mwanga (inayowashwa na peroksidesi hiyo) hazina kosa. Maji gani hayo yanayochagua protini?

Akasema tuongeze dozi. Kutoka 1:1000 hadi 1:200 kilichoongezeka ni madoadoa tu, utando mzima kama uliorushiwa wino. Kilichosaidia ni sentrifuji, mashine ya kuzungusha kwa kasi: 10,000 g, dakika 5, nyuzi 4, kisha unavuta maji ya juu bila kugusa chini. Madoadoa yakaisha na mstari wa kilodaltoni 59, ndio wa G6PD, ukajitokeza. Hafifu, lakini uko peke yake, hauna mwenziwe. Yaani kingamwili yenyewe safi kabisa, wameiharibu wao kwa uzembe.

Mkiitumia kwa damu, ondoeni plazma na chembe nyeupe, kisha osheni chembe nyekundu kwa maji ya chumvi mara tatu. Mkiacha, kingamwili ya pili inaweza kushika IgG (kingamwili ya kwenye damu) ya binadamu, ambayo mnyororo wake mzito unakaa kwenye 50, jirani mno na 59, na mtashangilia mstari si wake. Kule chini, kwenye 16 hivi, himoglobini itawaka hata msipotia kingamwili yoyote, maana himu, sehemu yake yenye chuma, inafanya kazi kama peroksidesi. Hilo msimlaumu muuzaji. Kateni utando chini ya 25 kabla ya kutia dawa ya mwanga. Na azidi ya sodiamu (dawa ya kuzuia kuoza) isiingie kwenye bufa ya kingamwili ya pili, inaua peroksidesi.

Wala asije mtu akaitumia kuamua mgonjwa gani apewe primakwini, dawa ya malaria inayoweza kuvunja chembe nyekundu za mwenye upungufu wa G6PD. Inaonyesha protini ipo kiasi gani, haionyeshi kama inafanya kazi. Kwa hilo kuna kipimo chake.

Nilitaka kutoa nyota moja. Sasa kingamwili naipa nne, ajenti simpi kitu. Nitaagiza tena, ya gliserini, na ikifika tu naigawa mikrolita kumi kumi. Tatizo ni kwamba huyu ndiye anayekubali kuuza kichupa kimoja kimoja, wengine wanataka uchukue boksi zima. Kwa hiyo nitampigia yeye yeye, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.