Baiskeli ya kwenda kazini Tanga: bila gia au ya gia?

Kwa mtu anayetoka Makorora au Chumbageni kwenda kazini mjini, barabara ni tambarare na gia moja inamtosha. Baiskeli nyeusi isiyo na gia, ya gurudumu la inchi 28, huja na madigadi, kariya na kava ya cheni. Hiyo kava ina thamani kubwa hapa: suruali haishiki grisi, na mchanga na hewa ya chumvi haviifikii cheni kirahisi. Ubaya wa baiskeli hii ni breki za vyuma, yaani zinazovutwa kwa fimbo za chuma badala ya waya. Rimu ya chuma ikilowa, raba za breki huteleza, hivyo mvua ikinyesha anza kufunga breki mapema sana.

Ya gia, inchi 26, inafaa anayetoka mbali, tuseme Pongwe, hasa akirudi dhidi ya upepo. Ila gia inadai matunzo. Cheni iko wazi: ifute kwa kitambaa kila wiki, tia tone moja la oili kwenye kila pini, kisha futa inayobaki juu, maana ndiyo inayonasa mchanga. Pima pini hadi pini, viungo 24. Kwenye cheni mpya urefu huo ni milimita 305. Ikifika 307 badilisha, la sivyo itakula meno ya gia na gharama iongezeke.

Tairi nazo zinachanganya watu. 26 x 1⅜ haiingii kwenye rimu ya 26 x 1.95. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi, ndiyo kipenyo cha rimu kwa milimita: 590 (ya 1⅜) na 559 (ya 1.95) ni rimu tofauti.

Kwa safari fupi za mjini, chukua isiyo na gia.